Italia, Aprili 1948

Vita vya Pili vya Dunia viliiachia Italia madaraja yaliyovunjika na miji iliyojaa vifusi. Mfalme naye alikuwa ameshakwenda uhamishoni: katika kura ya maoni ya tarehe 2 Juni 1946, watu milioni 12.7 walitaka jamhuri, milioni 10.7 wakataka ufalme ubaki. Siku hiyo wanawake walipiga kura ya kitaifa kwa mara ya kwanza. Karatasi ya kura ilifungwa kwa kulowanisha gundi yake kwa ulimi, na gazeti la Corriere della Sera likawaasa akina mama waje bila rangi ya mdomo, isije ikaacha doa likaharibu kura.

Uchaguzi wa kwanza wa bunge chini ya katiba mpya ulianza Jumapili, 18 Aprili 1948. Mpiga kura alitia alama kwenye nembo ya chama, na viti vikagawanywa kwa kulingana na kura. Kusini, ambako wasiojua kusoma walikuwa wengi, nembo ilikuwa na uzito mkubwa, kama jembe na nyumba katika Tanzania ya chama kimoja. Chama cha Demokrasia ya Kikristo cha Alcide De Gasperi kilikuwa na ngao yenye msalaba. Wakomunisti wa Palmiro Togliatti na wasoshalisti wa Pietro Nenni waliungana, wakachukua sura ya Garibaldi, shujaa aliyepigania muungano wa nchi hiyo, ambaye hakuna Mwitaliano asiyemjua.

Kampeni ziliingia hadi kanisani. Papa Pius XII hakuficha upande wake, na kamati za Luigi Gedda zilihamasisha watu parokia kwa parokia. Hata watawa wa ndani walitoka kwenda kupiga kura. Mwezi Februari wakomunisti walikuwa wameshika serikali huko Chekoslovakia, na hofu ikatanda. Marekani ikatamka wazi kwamba wakomunisti wakishinda, misaada itakoma. Waitaliano waliohamia huko wakawaandikia ndugu zao barua kuwasihi wasiwapigie kura wakomunisti. Fedha za siri zilitoka Washington, na Moscow nayo ikawasaidia wenzake.

Hata Wasomali, jirani zetu, walitiwa kwenye mizani. Mataifa makubwa yaliyotaka kuwafurahisha wapiga kura wa Italia yalizungumzia kuirudishia makoloni yake ya zamani, Somalia ikiwemo, ilhali Wasomali hawakuwa na kura hata moja katika uchaguzi huo. Kwangu mimi hilo ndilo doa baya kuliko yote katika kampeni ile. Mwaka 1950 Italia ilikabidhiwa Somalia kwa udhamini wa Umoja wa Mataifa.

Waliojitokeza walikuwa takriban asilimia 92. De Gasperi alipata asilimia 48.5 na viti 305 kati ya 574. Muungano wa Garibaldi ukapata asilimia 31. Mkono wa wageni ulikuwa mzito, lakini kusema Waitaliano walinunuliwa tu ni kuwadharau watu waliokaa miaka 20 chini ya dikteta Mussolini, wakajua kura ni nini kwa kuikosa.

Tarehe 14 Julai Togliatti alipigwa risasi nje ya bunge. Wafanyakazi wakagoma nchi nzima, na kukawa na umwagaji damu. Akiwa majeruhi aliwataka wafuasi wake watulie. De Gasperi naye, ingawa wingi wa viti ulimtosha, alitawala pamoja na vyama vidogo vya kati.