Jicho, Sikio na Mkono: Sayansi Anayoihitaji Mwalimu Tarajali

Unavuta mpini wa pampu ya baiskeli, unausukuma chini, unarudia mara kadhaa, na hewa haitoki. Hitilafu iko wapi? Swali hili waliulizwa wanafunzi wa chuo kikuu huko Santa Barbara, California, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1991 na wanasaikolojia Richard Mayer na Richard Anderson. Wanafunzi hao hawakuwa na ujuzi mkubwa wa mitambo. Baadhi yao walisikiliza maelezo ya pampu bila picha. Baadhi waliona picha zinazotembea bila maneno. Kundi jingine liliona picha hizo huku sauti ikieleza kile kile kinachoonekana, wakati ule ule: mpini ukipanda, sauti inasema kwamba pistoni inapanda, valvu ya kuingiza hewa inafunguka na ile ya kutoa inajifunga.

Waliosikia maneno peke yake waliweza kuyarudia karibu sawa na wale waliopata maneno pamoja na picha. Ungewapa mtihani wa kujaza nafasi zilizo wazi, usingeona tofauti. Lakini walipoulizwa swali la hitilafu, ambalo jibu lake halikutajwa popote katika somo, waliopata sauti na picha kwa pamoja waliwaacha wenzao mbali. Watafiti walijaribu pia kutoa maelezo kwanza na kuonyesha picha baadaye. Faida ikayeyuka, ingawa maneno yalikuwa yale yale na picha zile zile.

Jaribio hili ningependa lifundishwe katika kila chuo cha ualimu, kabla mwanachuo hajashika projekta. Katika shule zetu ni kawaida mwalimu kueleza kipindi kizima kwa mdomo na chaki, kisha dakika tano za mwisho akaonyesha video kama zawadi kwa watoto waliotulia. Kwa mujibu wa Santa Barbara, video hiyo imechelewa. Mtoto anapoiona, maneno yaliyopaswa kuishikilia yameshapita.

Sababu iko katika namna akili inavyopokea mambo. Mwaka 1971 mwanasaikolojia Allan Paivio wa Kanada alitoa hoja kwamba tunahifadhi tunayojifunza kwa namna mbili, ya maneno na ya taswira, na kwamba jambo lililohifadhiwa kwa namna zote mbili ni rahisi zaidi kulikumbuka. Miaka mitatu baadaye Waingereza Alan Baddeley na Graham Hitch walieleza kumbukumbu tendaji, yaani sehemu ya akili inayoshika mambo kwa sekunde chache wakati tunayafanyia kazi. Ndani yake kuna hazina ndogo ya sauti na hazina ndogo ya vinavyoonekana, na kila moja hujaa upesi. George Miller alikadiria mwaka 1956 kwamba mtu hushika takribani vitu saba kwa mpigo. Nelson Cowan aliyapitia upya matokeo mengi mwaka 2001 akashusha idadi hiyo hadi takribani vinne. Kumbukumbu tendaji ni meza ya fundi saa: pana vya kutosha kwa vipande vichache, na ukiongeza kimoja bila kuondoa kingine, kitu kinaanguka.

Mtu akishalielewa hilo, slaidi nyingi za walimu tarajali zinaanza kumtia wasiwasi. Mwalimu ameandaa mchoro wa moyo wa binadamu, pembeni ameweka aya mbili za maelezo, na anasimama kuzisoma aya hizo neno kwa neno. Amejitahidi sana, hapana shaka. Lakini jicho la mtoto haliwezi kuwa kwenye mchoro na kwenye aya kwa wakati mmoja, na macho yakikimbia huku na huko, sauti ya mwalimu inakuwa tayari imefika sentensi nyingine. Mwaka 2001 Mayer na wenzake walilipima jambo hili kwa somo la namna radi inavyotokea. Wanafunzi waliotazama picha na kusikia sauti walielewa vizuri kuliko walioongezewa maandishi yale yale kwenye skrini. Kilichoongezwa kilipunguza.

Hapa mwalimu wa Tanzania awe makini, maana kanuni hii ina mpaka wake, na mpaka huo unapita katikati ya shule zetu. Maandishi huwa msaada pale lugha ya somo inapokuwa ngeni kwa mwanafunzi au maneno ya kitaalamu yanapokuwa mengi. Mtoto aliyesoma kwa Kiswahili hadi darasa la saba, akaingia kidato cha kwanza na kukuta baiolojia kwa Kiingereza, anahitaji kuona neno jipya limeandikwa, kwa sababu sikio lake bado halijui neno moja linaishia wapi na jingine linaanzia wapi. Dawa si aya nzima. Ni neno lenyewe, kubwa, likiwa karibu kabisa na sehemu ya mchoro linayoitaja, na likitokea pale mwalimu anapolitamka.

Katika somo lile lile la radi watafiti waliingiza vipande vya video vya kusisimua: miti ikipigwa, mawingu yakiwaka. Vilihusu radi kweli, lakini havikueleza namna inavyotokea. Walioviona walifanya vibaya zaidi katika maswali ya kuelewa. Nafahamu ugumu wa kulikubali jambo hili. Mwalimu anayefundisha umeme wa angani Kisii au Kanda ya Ziwa, ambako radi huua watu na ng'ombe, atatamani kuonyesha picha ya kutisha ili darasa zima likae wima. Na litakaa wima kweli. Lakini baada ya kipindi watoto watasimulia mti uliopasuka, na habari ya chaji hasi kushuka kutoka kwenye wingu itakuwa imepotea. Picha ya kusisimua ina mahali pake, labda siku ya kufundisha usalama wakati wa mvua. Siku ya kufundisha chanzo cha radi, iondolewe.

Kuna pia suala la mwendo. Maandishi hukaa pale, sauti hupita. Video inayokwenda bila kusimama humlazimisha mtoto kushika sentensi iliyopita huku akipokea inayofuata, kwenye meza ile ile ndogo. Mayer na Paul Chandler walichukua somo la radi la dakika mbili na nusu hivi, wakalikata vipande 16, na kumwachia mwanafunzi abonyeze kitufe anapokuwa tayari kuendelea. Maneno hayakubadilika, picha hazikubadilika, ila uelewa ulipanda. Basi chombo chenye thamani kubwa kwa mwalimu anayeonyesha video ni kitufe cha kusimamisha. Asimamishe, aulize, asikilize majibu, ndipo aendelee.

Hadi hapa nimezungumzia skrini, lakini njia za kufikisha maana darasani zilikuwapo kabla ya umeme. Uso wa mwalimu ni mojawapo. Mwaka 1954 William Sumby na Irwin Pollack walionyesha kwamba penye kelele, mtu akiiona midomo ya msemaji huyatambua maneno mengi zaidi kuliko akimsikia tu. Mwaka 1976 Harry McGurk na John MacDonald wakagundua jambo la ajabu zaidi: sauti ya "ba" ikichezwa juu ya video ya midomo inayotamka "ga", watu wengi husikia "da". Ubongo hauyaachii masikio peke yake kazi ya kusikia. Sasa fikiria darasa la watoto wengi, mvua inapiga juu ya mabati, madirisha yamefunikwa ili projekta ionekane, na mwalimu amesimama nyuma ya kompyuta akiongea na migongo ya watoto. Ameleta picha nzuri ukutani, ameuondoa uso wake. Katika kelele kama hiyo, hasara inaweza kuwa kubwa kuliko faida. Asimame mbele, kando ya picha, penye mwanga, na mvua ikizidi anyamaze hadi ipungue.

Mkono ni njia nyingine. Susan Wagner Cook, Zachary Mitchell na Susan Goldin-Meadow walifundisha watoto wa darasa la tatu na la nne nchini Marekani milinganyo ya aina ya 4 + 3 + 6 = __ + 6. Baadhi waliambiwa warudie kwa maneno kwamba wanataka upande mmoja uwe sawa na mwingine. Baadhi walielekezwa wapitishe mkono chini ya upande wa kushoto, kisha chini ya upande wa kulia. Makundi yote yalipata maendeleo papo hapo. Walipopimwa tena baada ya wiki nne, walioutumia mkono ndio waliokuwa wameshikilia walichojifunza kwa kiwango kikubwa zaidi. Utafiti huu ulitoka mwaka 2008, na haukuhitaji hata betri.

Ndiyo maana sikubaliani na dhana kwamba mwalimu wa kisasa ni yule mwenye vifaa vingi. Mwaka 2006 Punya Mishra na Matthew Koehler wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, wakijenga juu ya kazi ya mtaalamu wa elimu Lee Shulman ya miaka ya 1980, walieleza kwamba ujuzi wa mwalimu una sehemu tatu: somo lenyewe, mbinu za kufundisha, na teknolojia. Shabaha yao ilikuwa pale sehemu tatu zinapokutana. Mtu anaweza kuijua kompyuta vizuri na kuijua jiografia vizuri, asijue kwamba mzunguko wa maji unafaa kuonyeshwa kwa picha zinazotembea, ilhali aina za miamba zinafaa kushikwa mkononi. Ujuzi huo wa kuchagua hauji wenyewe. Hufundishwa.

Yapo pia ya kuacha kufundisha. Takwimu zinazodai kwamba mtu hukumbuka asilimia 10 ya anachosoma, asilimia 20 ya anachosikia, na kuendelea, bado zinakaririwa na walimu sehemu nyingi duniani, zikiwa zimebandikwa kwenye mchoro wa koni uliochorwa na mtaalamu wa elimu Edgar Dale. Dale alichapisha koni yake mwaka 1946 bila asilimia yoyote. Wengine waliziongeza baadaye, na hakuna utafiti wa kuaminika unaozibeba. Vivyo hivyo imani kwamba kuna mtoto wa kuona, mtoto wa kusikia na mtoto wa kutenda, na kila mmoja afundishwe kwa mtindo wake. Harold Pashler na wenzake waliuchambua ushahidi mwaka 2008, wasipate msingi wa kutosha wa kuitumia imani hiyo darasani. Watoto wote wananufaika na picha inapokwenda na neno. Mtoto asiyeona au asiyesikia ni suala jingine kabisa: kwake njia ya pili si nyongeza, ni haki yake, na mwalimu ajifunze mapema kuueleza mchoro kwa maneno yanayotosha hata kwa asiyeuona.

Vifaa vinaendelea kuja. Kenya ilianza kugawa kompyuta ndogo kwa watoto wa darasa la kwanza mwaka 2016. Tanzania iliwapa walimu vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022, na Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao ya vitabu vya kiada. Katuni za Ubongo Kids, zinazotengenezwa Dar es Salaam, zimekuwa hewani tangu mwaka 2014. Hizi ni habari njema. Lakini Peru nayo iligawa mamia ya maelfu ya kompyuta mpakato kwa watoto wake, na tathmini iliyochapishwa mwaka 2012 haikuona maendeleo katika hisabati wala lugha. Kompyuta zilifika, ufundishaji haukubadilika.

Mfano mzuri zaidi upo hapa nyumbani, na una zaidi ya miaka 50. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafikia Watanzania karibu milioni 2 kwa redio. Redio haikuachwa ifanye kazi peke yake. Watu walikutana kwa vikundi, wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu chenye mada ile ile, wakajadiliana chini ya kiongozi aliyepata mafunzo kabla, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka mazalia ya mbu. Sikio, jicho, mdomo na mkono vilifanya kazi moja, na kiongozi wa kikundi ndiye aliyeviunganisha. Mwanachuo mwenye simu janja moja na spika ndogo, katika shule isiyo na umeme, anaweza kufanya hivyo hivyo kesho asubuhi: sauti itoke kwenye simu, mchoro awe ameuchora yeye kwenye karatasi ya manila, na watoto waonyeshe kwa mikono damu inakoelekea.

Simu hiyo hiyo imrekodi anapofundisha. Tangu miaka ya 1960, pale Chuo Kikuu cha Stanford kilipoanzisha utaratibu wa mwanachuo kufundisha somo fupi mbele ya kikundi kidogo, kujitazama kwenye video kumekuwa sehemu ya mafunzo ya ualimu. Wakati ule kamera ilikuwa mali ya vyuo vikubwa, leo iko mfukoni mwa mwanachuo.

Kwa wakufunzi mnaokwenda kuwakagua wanachuo katika mazoezi ya kufundisha, ombi langu ni moja. Fomu ya tathmini isiishie kuuliza kama ametumia zana za kisasa. Fungueni andalio lake la somo, wekeni kidole kwenye kila picha, kila video na kila sauti aliyoipanga, na mumwulize: mtoto akiwa anaona hiki, wewe utakuwa unasema nini? Asiye na jibu asaidiwe kukiondoa, na alama za kipindi hicho zitolewe kwa kile kilichobaki.