Hifadhi ni Uhusiano wa Watu: Funzo la Milima ya Tao la Mashariki

Neno "hifadhi" linapotajwa, mawazo ya wengi hukimbilia Serengeti na Ngorongoro: simba, tembo, watalii na fedha za kigeni. Mawazo hayo si ya uongo, lakini hayatoshi. Zipo hifadhi ambazo mtalii hazijui sana, lakini mkazi wa Dar es Salaam au Tanga huzitegemea kila anapofungua bomba. Hizo ni hifadhi za misitu ya Milima ya Tao la Mashariki. Katika makala hii tutaeleza misitu hiyo ni nini, ilihifadhiwa na nani na kwa faida ya nani, na kwa nini suala la hifadhi, likichunguzwa hadi mzizi wake, ni suala la uhusiano baina ya watu na watu kabla ya kuwa suala la watu na miti.

Kinachohifadhiwa ni nini?

Tao la Mashariki ni safu ya milima ya kale inayoanzia Taita, nchini Kenya, na kupita Upare, Usambara, Nguu, Nguru, Ukaguru, Rubeho, Uluguru na Mahenge hadi Udzungwa. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi hubeba unyevu, na zikigonga milima hii hupanda, hupoa na kuleta mvua. Katika miteremko ya mashariki ya Uluguru na Usambara mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka.

Lakini mvua peke yake si maji ya kunywa. Mvua ikianguka kwenye mteremko ulio wazi hukimbia siku ile ile, ikichukua udongo pamoja nayo. Ikianguka msituni hupokewa na majani, hushuka polepole, huingia katika udongo laini uliojaa mizizi na majani yaliyooza, kisha hutoka kwenye chemchemi kidogo kidogo hata wakati wa kiangazi. Ndiyo maana wataalamu huiita misitu hii misitu ya lindimaji. Mto Zigi, utokao Usambara Mashariki, huunywesha mji wa Tanga. Mto Ruvu, ambao vijito vyake vingi hutoka Uluguru, ndio tegemeo kuu la maji ya Dar es Salaam.

Tena, kwa kuwa misitu hii imeishi muda mrefu sana ikiwa imetengana kama visiwa, ina viumbe wasiopatikana kwingineko duniani. Mfano ulio wazi ni chura mdogo wa Kihansi, aliyeishi katika manyunyu ya maporomoko ya mto huo tu, kwenye ukingo wa Udzungwa. Maji yalipogeuzwa kuendesha mitambo ya umeme ya megawati 180, iliyokamilika mwaka 2000, manyunyu yalipungua, maradhi nayo yakaingia, na mwaka 2009 chura huyo akatangazwa kuwa ametoweka porini. Waliokuwa wakitunzwa Marekani walianza kurudishwa mwaka 2012. Umeme tuliuhitaji, na bado tunauhitaji. Funzo ni kwamba katika mazingira hakuna kinachochukuliwa bure. Lazima pawe na mlipaji.

Swali basi ni hili: nani amekuwa akilipa?

Historia ya hifadhi hizi

Wajerumani walikata sehemu za msitu wa Usambara Mashariki ili kupanda kahawa, na mashamba mengi hayakustawi. Mwaka 1902 walianzisha taasisi ya utafiti wa kilimo Amani. Mwaka 1904 wakatoa amri ya kulinda misitu. Tuitazame amri hiyo vizuri. Aliyefyeka kwa ajili ya shamba kubwa la biashara ndiye aliyemkataza mwenyeji kukata mti. Tangu mwanzo hifadhi ilimfikia mwananchi kama mpaka uliowekwa na mtu mwingine.

Waingereza waliendeleza tabia hiyo. Baada ya mwaka 1950 waliendesha mpango wa matumizi ya ardhi Uluguru, wakiwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Shabaha ilikuwa kulinda udongo na mto. Lakini kazi ilikuwa nzito, ilifanywa kwa amri, na mara nyingi matuta yalifukia udongo wenye rutuba na kuuacha juu ule usiozaa. Mwaka 1955 wananchi walikataa, zikazuka ghasia, na mpango ukaachwa.

Baada ya Uhuru makosa hayakwisha mara moja. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, kiwanda cha mbao cha umma, kwa msaada wa Finland, kilivuna magogo kwa mitambo katika msitu ule ule wa Usambara Mashariki. Uvunaji huo ulipingwa na kusimamishwa katika miaka ya 1980. Baadaye Finland hiyo hiyo ikasaidia uhifadhi, na mwaka 1997 ikaundwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani. Kwa hiyo mali kuwa ya umma hakutoshi kuilinda. Lazima umma wenyewe uwe na sauti juu ya mali hiyo.

Mzigo na faida

Hapa ndipo penye mkinzano mkuu. Faida ya msitu huteremka na mto hadi mjini. Mzigo wa kuulinda hubaki mlimani. Huko Derema, karibu na Amani, zaidi ya wakulima 1,000 waliachishwa mashamba ya iliki waliyolima chini ya miti, ili misitu miwili iunganishwe. Walilipwa fidia, lakini wengi walilalamika kuwa haikulingana na zao lililowapa fedha kila mwaka. Kando ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992, wanavijiji waliruhusiwa kuokota kuni kavu siku moja kwa wiki hadi mwaka 2011, ruhusa ilipokoma. Mama aliyepoteza siku ile hakupunguziwa idadi ya milo ya kupika.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ilifungua mlango. Kijiji kinaweza kumiliki msitu wake na kutumia mapato yake, au kuingia mkataba na serikali wa kuutunza msitu wa taifa kwa pamoja. Lakini katika misitu ya lindimaji, ambako kukata miti kumekatazwa, "kwa pamoja" kunaweza kumaanisha kijiji kinapewa doria, na mavuno hayapo. Mlinzi asiye na fungu hachelewi kuchoka.

Hata hivyo tunao mfano wa kutia moyo. Kuanzia mwaka 2006, mashirika ya CARE na WWF yaliendesha mpango Kibungo Juu, Uluguru, ambapo watumiaji wa maji ya Ruvu, likiwamo shirika la maji la Dar es Salaam, walichangia malipo kwa wakulima wanaotunza miteremko. Miongoni mwa kazi walizozikubali wakulima hao ni kuchimba matuta ya ngazi. Milima ni ile ile ya mwaka 1955, jembe ni lile lile, na jasho ni lile lile. Kilichobadilika ni uhusiano: mkulima aliulizwa, na kazi yake ikahesabiwa kuwa kazi.

Wajibu wa kada

Kutokana na hayo, mambo matatu yanatuhusu moja kwa moja.

Kwanza, kada ajifunze kabla ya kufundisha. Ajue kijito cha kijiji chake kinatoka msitu gani na kinaishia kwenye bomba la nani.

Pili, asimame upande wa hesabu iliyo wazi. Mkataba wa kutunza msitu usomwe katika mkutano wa kijiji, na fungu la kijiji litajwe kwa tarakimu.

Tatu, awaelimishe wa mjini. Oktoba 2022 kina cha Ruvu kilishuka kwa ukame, na Dar es Salaam ikaingia katika mgao wa maji. Msitu hauwezi kuumba mvua iliyokataa kunyesha, lakini unaweza kuitunza ile kidogo iliyonyesha. Anayekunywa maji hayo hana budi kujua kuwa yana mtunzaji, na kwamba mtunzaji huyo naye ana shamba, jiko na watoto.

Mlinzi wa kwanza wa msitu ni mwananchi anayeishi ukingoni mwake. Akiwa mshirika, msitu una walinzi mchana na usiku. Akifanywa mshitakiwa, hakuna idadi ya askari itakayotosha.