Dhamiri na Kusutwa

Miongoni mwa maneno ambayo Wakristo wa Afrika ya Mashariki huyatumia katika mambo ya maadili, yako yenye asili ya Kibantu, kama vile wokovu na utakatifu. Lakini mengi yametoka katika Kiarabu, nayo yalikwisha kukaa midomoni mwa Waislamu wa pwani muda mrefu kabla Krapf hajafika Mombasa mwaka 1844. Dhambi, toba, imani na neema ni ya namna hiyo. Katika makala haya napenda kulichungua neno moja tu la jamaa hiyo, nalo ni dhamiri, kwa kuwa ubishi mwingi wa siku hizi juu ya uhuru wa mtu waonekana kutokana na namna tunavyolielewa.

Kwa Kiarabu asili yake ni jambo lililofichwa ndani ya nafsi. Hata wanasarufi wa lugha hiyo waliita kwa jina hilohilo kile tukiitacho kiwakilishi. Kiswahili kilichukua maana ya siri ya moyo na ya kusudi. Ndiyo maana twasema fulani amedhamiria kusafiri, na wahakiki wa fasihi huita dhamira lile wazo kuu la mtungaji. Hamna hukumu yo yote katika matumizi hayo. Mwizi naye hudhamiria.

Watafsiri wa Agano Jipya walipolipa neno hilo kazi ya neno la Kiyunani syneidesis, ambalo Paulo alilitumia sana, walilitwika mzigo mpya. Neno la Kiyunani, sawa na lile la Kilatini conscientia, limeundwa kwa viungo viwili: pamoja, na kujua. Ni kujua pamoja na mwingine, kama shahidi ajuavyo. Thomas wa Aquino, katika karne ya 13, aliutegemea muundo huo alipoeleza kwamba dhamiri si uwezo wa pekee wa nafsi, bali ni tendo la kuyaelekeza maarifa kwenye jambo lililo mbele ya mtu. Basi asili hizi mbili hazipatani kwa urahisi: huku jambo lililofichwa, huku jambo linaloshuhudiwa.

Utamaduni wa siku hizi umeelemea upande wa kufichwa. Mtu akiulizwa juu ya mwenendo wake hujibu kwamba hilo ni baina yake na dhamiri yake, na jibu hilo hukusudiwa kufunga mlango. Si jambo geni. John Henry Newman alilalamika mwaka 1875 kwamba haki ya dhamiri ilikuwa imegeuzwa kuwa haki ya kila mtu kufuata apendavyo, bila kumfikiri Muumba wake. Mimi niliye Mkristo nakubaliana naye, ingawa nakiri kwamba mlango huo uliofungwa umewaokoa wengi na mikono ya watawala.

Lakini yafaa tusikilize vitenzi. Mswahili hasemi tu kwamba dhamiri inanena, husema inamsuta. Kusuta ni desturi ya watu wa pwani ijulikanayo sana: aliyesengenywa humwendea msengenyaji pamoja na mashahidi, akamtaka ayarudie mbele yao yale aliyoyasema kisirisiri. Shabaha yake ni kuyatoa hadharani yaliyofichwa. Kwa hiyo wasemaji, kwa kulipa neno la siri kitenzi cha hadharani, waliyarudisha maana ya ushahidi iliyokuwamo katika Kiyunani, wala hapana mtaalamu aliyewaagiza. Naona jambo hili ni zuri kupita tafsiri yenyewe. (Kabla ya dhamiri kuenea, na hata leo, ni moyo unaosuta, Waebrania wa kale nao waliutaja moyo, kwa kuwa hawakuwa na neno la pekee.)

Tangazo la Haki za Binadamu la tarehe 10 Desemba 1948 laonyesha shida hiyohiyo mahali pengine. Kifungu cha kwanza chasema kwamba watu wamejaliwa akili na dhamiri. Neno hili la pili liliingizwa kwa shauri la P. C. Chang wa China, aliyetaka kuwe na fikira ya ren, ambayo alama yake ya maandishi imeunganisha mtu na tarakimu ya mbili. Lugha za Ulaya zilikosa neno, likawekwa la dhamiri. Laiti kikao kile kingekuwa na Mswahili, nadhani angalipendekeza utu.

Hata hivyo, utu na dhamiri havibadilishani nafasi. Wanaosuta huweza kukosea, na kundi la mashahidi huweza kumwonea asiye na hatia. Hapo mtu huhitaji mahali pa ndani pa kusimama. Mtunga kamusi asiridhike, basi, kuandika kwamba dhamiri ni sauti ya ndani. Katika mfano wa matumizi auweke na msuto wake, ili mwanafunzi aone kwamba ndani humo mtu hayuko peke yake.