Jina Adimu Ufaransa, Jina Kuu Quebec

Mtu anayeitwa Tremblay nchini Ufaransa ana jina linalokutwa kwa nadra. Wenzake wanaoitwa Martin, Bernard au Petit wamejaa kila mji. Yeye anaweza kumaliza shule bila kukaa darasa moja na mtu wa jina lake asiyekuwa ndugu yake. Akivuka bahari hadi jimbo la Quebec, Kanada, hali inageuka kabisa. Mwaka 2006 taasisi ya takwimu ya jimbo hilo ilipopanga majina ya ukoo kwa wingi, Tremblay liliongoza yote: zaidi ya mtu 1 katika kila 100. Maana haijabadilika, matamshi yanakaribiana, lugha ni ile ile ya Kifaransa. Kilichobadilika ni idadi peke yake, na ndiyo maana jina hili linafaa sana kwa kujibu swali ambalo wapenzi wa nasaba hulijibu kwa haraka mno: uchache wa jina unatuambia nini juu ya asili yake? Ninachokitetea hapa ni kwamba hautuambii karibu chochote. Asili ya jina ni habari ya lugha na mahali. Wingi wake ni habari ya nani alipata wana wa kiume wangapi, katika nchi gani, na kwa bahati ipi. Watu wanapozichanganya habari hizi mbili ndipo zinapozuka simulizi kwamba jina adimu lazima liwe la kale sana, la kikabaila, au la wageni waliotoka mbali.

Tuanze na asili, maana katika jina hili haina utata. Tremble ni mti wa nchi za baridi ambao wanabotania huuita Populus tremula. Vikonyo vya majani yake ni bapa kwa ubavu badala ya kuwa mviringo, hivyo upepo hafifu tu hutosha kuyatetemesha majani yote kwa pamoja, na mti ukapewa jina kwa tabia hiyo. Mahali penye miti hiyo mingi paliitwa tremblay, na aliyetoka hapo akaitwa kwa jina la mahali pake, kama yalivyopatikana majina ya ukoo mengi ya Ufaransa. Mahali pa aina hiyo palikuwa pengi. Mpaka leo ipo Tremblay-en-France karibu na Paris, ipo Tremblay ya Bretagne, ipo Tremblay-les-Villages upande wa Chartres. Kwa hiyo jina liliweza kuzaliwa mara nyingi, katika familia zisizojuana, popote palipokuwa na kichaka cha miti hiyo. Jambo hili tulikumbuke, kwa sababu litatufaa baadaye.

Sasa tugeukie idadi. Ili jina liweze kufa, kwanza lazima ligande, yaani lirithiwe bila kubadilika. Katika desturi ya pwani ya Afrika Mashariki na bara lake, mtu akitambulishwa kwa jina lake, la baba na la babu, mnyororo husogea hatua moja kila kizazi, na jina la babu wa babu hutoka lenyewe bila yeyote kuliita limekufa. Ufaransa ilifuata njia nyingine. Amri ya Villers-Cotterêts ya mwaka 1539 iliwataka mapadri waweke daftari za ubatizo, na sheria ya tarehe 23 Agosti 1794 ikapiga marufuku raia kutumia jina lolote lisilo katika cheti chake cha kuzaliwa. Jina likawa urithi unaopita kwa baba, na mwanamume asiyeacha mwana wa kiume alilifikisha mwisho tawi lake la jina, hata kama alikuwa na mabinti saba waliompa wajukuu hamsini.

Hapo ndipo hisabati ilipoingia. Katika karne ya 19 watu wengi wa Ulaya waliona koo mashuhuri zikitoweka, wakadhani kuna kasoro fulani: kwamba utajiri au elimu hupunguza uzazi. Mwaka 1873 Mwingereza Francis Galton aliuliza hadharani, katika gazeti la Educational Times, kama bahati peke yake isingeweza kueleza kutoweka huko. Mchungaji na mwanahisabati Henry William Watson alimjibu kwa mlinganyo sahihi na hitimisho baya, maana alidai kwamba kila jina lazima life mwishowe. Kumbe jibu kamili lilikuwa limeshatolewa Paris mwaka 1845 na Irénée-Jules Bienaymé, likasahauliwa hadi wanahistoria wa hisabati Chris Heyde na Eugene Seneta walipolifufua mwaka 1972. Bienaymé alionyesha kwamba kila kitu kinategemea wastani wa wana wa kiume kwa kila mwanamume. Wastani ukiwa 1 au chini ya hapo, jina litakufa bila shaka, ni suala la muda tu. Ukizidi 1, jina lina nafasi ya kudumu, ila nafasi hiyo kamwe si hakika. Hesabu hiyo hiyo hutumika leo kukadiria kama mlipuko wa ugonjwa utazimika wenyewe au utaenea.

Namba zenyewe zinastahili kutazamwa, kwa kuwa ni kali kuliko mtu anavyotarajia. Chukua wanaume 100, kila mmoja na jina lake, katika jamii isiyokua wala kupungua: kwa wastani kila mmoja anaacha mwana 1 wa kiume anayefikia umri wa kuzaa, na idadi kwa kila mtu inatawanyika kwa bahati tupu. Kizazi cha kwanza tu kikipita, majina 37 hivi yamekwisha. Baada ya vizazi 5 yamebaki 27. Baada ya vizazi 10, yaani kama miaka 300, yamebaki 16. Hakuna njaa wala vita katika hesabu hii, na hakuna mtu aliyekuwa dhaifu kuliko mwenzake. Majina 84 yamepotea kwa sababu ya kutawanyika kwa uzazi tu, na yale 16 yaliyosalia yamegawana watu wote 100, mengine yakiwa na mtu mmoja au wawili, mengine yakiwa na kumi na zaidi. Ukipandisha wastani hadi wana 2, nchi ikakua kwa kasi kubwa, bado jina 1 katika kila 5 litakufa. Jina adimu kwa hiyo halihitaji maelezo ya pekee. Uadimu ni hali ya kawaida ya majina mengi wakati wowote, na wingi ndio unaohitaji kuelezwa.

Wingi wa Tremblay huko Quebec unaelezwa na mtu mmoja. Pierre Tremblay alitoka Randonnai, kijiji cha eneo la Perche nchini Ufaransa, akafika Kanada mwaka 1647 akiwa kijana wa kazi ya mkataba. Mwaka 1657 alimwoa Ozanne Achon, aliyetoka upande wa La Rochelle. Walipata watoto 12, na wana wanne wa kiume wakaendeleza jina. Karibu kila Tremblay wa Amerika Kaskazini anatokana na ndoa hiyo. Wakoloni wote wa Kifaransa walioacha uzao katika bonde la mto Saint-Laurent hawakufika 10,000, na watoto wao walizaliwa katika nchi yenye ardhi tele, ndoa za mapema na familia kubwa. Katika hali hiyo, mwanzo mzuri wa vizazi viwili vitatu haufutiki tena: jina lililopita kipindi cha hatari likiwa na wanaume kumi na kadhaa haliogopi mtu mmoja kukosa mwana. Huko Perche waliobaki walikuwa katika nchi iliyojaa, ambako wastani ulikuwa karibu na 1, na jina likaendelea kupungua hapa na kuongezeka pale.

Mtu anaweza kupinga kwamba asili haiwezi kutupwa namna hiyo. Martin ni jina la kwanza kwa wingi Ufaransa kwa sababu mtakatifu Martin wa Tours alipendwa kila parokia, na Lefebvre limeenea kaskazini kwa sababu kila kijiji kilihitaji mhunzi. Hoja hii ina ukweli, na ninaikubali kwa mpaka wake: asili huamua jina linaanza na waasisi wangapi. Jina lenye waasisi 1,000 haliwezi kufa kirahisi kama lenye mwasisi 1. Lakini Tremblay lenyewe linaonyesha udhaifu wa kanuni hiyo. Ufaransa, ambako lingeweza kuanza kwa waasisi wengi walioishi penye miti hiyo, halikupata kuwa kubwa. Quebec, ambako lilianza na mtu mmoja, limeongoza. Idadi ya waasisi ni mwanzo wa hesabu, na baada yake vizazi hufanya kazi yao bila kujali neno lina maana gani.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo ni kwamba pengine Pierre na wanawe hawakuwa na bahati tu. Labda walikuwa na sifa fulani. Mwaka 2011 Claudia Moreau na wenzake walichapisha katika jarida la Science uchambuzi wa daftari za parokia za Charlevoix na Saguenay–Lac-Saint-Jean, maeneo yale yale ambako akina Tremblay walienea. Waligundua kwamba watu waliozaa kwenye ukingo wa makazi mapya, ambako msitu ulikuwa unafyekwa, walichangia katika vizazi vya leo mara 1.2 hadi 3.9 kuliko waliobaki katika vijiji vya zamani. Wanawake wa ukingoni waliolewa mapema zaidi na kupata watoto zaidi. Faida ilikuwepo, basi, na ilitokana na mahali na wakati. Yeyote aliyekuwa ukingoni aliipata, awe na jina gani. Kwamba wana wa Tremblay walipata ardhi upande huo na jirani fulani wa Perche hakuipata, hilo tena ni bahati. Eneo hilo hilo linabeba alama nyingine ya waasisi wachache: katika Saguenay–Lac-Saint-Jean takriban mtu 1 kati ya 20 hubeba kinasaba cha ugonjwa wa tirosinemia aina ya kwanza, ambao mahali pengi duniani ni nadra mno. Majina na vinasaba vimepita mlango mwembamba mmoja.

Hata hivyo mtu asidhani kwamba jina linapima uzao. Mtu mwenye wazawa wengi kuliko wote katika daftari za zamani za Quebec ni Zacharie Cloutier, fundi seremala kutoka Mortagne, mji wa Perche pia, aliyefika mwaka 1634: kufikia mwaka 1800 watafiti wa demografia wa Chuo Kikuu cha Montréal wamehesabu wazawa wake 10,850 waliofunga ndoa. Anayemfuata ni Jean Guyon, wa Perche vilevile, mwenye 9,674. Cloutier ni jina la kawaida Quebec lakini halilifikii Tremblay, kwa sababu sehemu kubwa ya uzao huo ilipita kwa mabinti. Guyon ni kisa cha kufundisha zaidi, maana matamshi na kalamu za makarani zililigeuza kuwa Dion kwa wengi wa wazawa wake. Jina linaweza kupungua kwa sababu tu limeandikwa vingine, na jina lingine likazaliwa siku hiyo hiyo bila mtoto yeyote kuzaliwa. Majina adimu mengi ya Ufaransa ni ya aina hii, tahajia ya kijiji kimoja iliyogandishwa na karani mmoja.

Na uadimu unaweza kuwa mchanga kabisa. Utumwa ulipofutwa katika kisiwa cha Réunion tarehe 20 Desemba 1848, watu wapatao 62,000 walipaswa kuandikishwa kwa majina ya ukoo. Wengi wao, wao wenyewe au wazazi wao, walikuwa wametoka Madagascar na pwani ya Afrika Mashariki. Biashara ya watumwa kutoka pwani hiyo ilikuwa imepata mkataba wake Kilwa mwaka 1776, kati ya sultani wa huko na mfanyabiashara Mfaransa Jean-Vincent Morice. Katika makoloni ya Ufaransa maofisa walibuni majina mapya kwa mamia, wakigeuza herufi za majina ya kwanza au kuchota katika mimea na kalenda. Mengi ya majina hayo yalianza na mtu mmoja au familia moja, na yamebaki adimu kwa sababu hiyo. Anayeyaona na kudhani ni ya kale, au kuyatafutia kijiji Ufaransa, anaupoteza ukweli wa watu walionyang'anywa majina yao ya asili.

Dola ya Ufaransa imejaribu kuizuia bahati. Baada ya vita vya 1914–1918, vilivyoua Wafaransa zaidi ya milioni 1.3, sheria ya tarehe 2 Julai 1923 iliruhusu ndugu kurithi jina la aliyekufa vitani bila kuacha uzao. Tangu 1993 kifungu cha 61 cha sheria ya kiraia kinamruhusu mtu kubadili jina lake ili kuokoa jina la jamaa yake, hadi daraja la nne la udugu, lisitoweke. Tangu Januari 2005 wazazi wanaweza kumpa mtoto jina la mama, la baba, au yote mawili. Hatua hii ya mwisho inafungua njia ya mabinti, ambayo Bienaymé hakuihesabu. Ila njia kuwa wazi hakumaanishi kwamba inapitiwa. Kati ya watoto waliozaliwa Ufaransa mwaka 2014, 83% walipewa jina la baba peke yake, kama 10% majina yote mawili, na wasiozidi 7% jina la mama peke yake. Mwenye jina adimu na mabinti watupu ana nafasi leo ambayo babu yake hakuwa nayo, lakini lazima mabinti hao waamue kuitumia, kisha na watoto wao waamue tena.