Wakamba, Kamba na Mkunga wa Mto Athi

Ukimtajia Mkenya neno uvuvi, fikira zake hukimbilia Lamu, Vanga, Kisumu au Turkana. Ukambani hakumjii akilini kamwe. Kitui na Makueni, kwa maoni ya wengi, ni nchi ya mbuzi, pojo, maembe na foleni za mitungi ya maji. Hata wanafunzi wangu chuoni hucheka ninapowaambia kuwa visa vya kuchekesha kupita vyote nilivyopata kuvisikia katika ukoo wetu ni visa vya kwenda kuvua samaki.

Kicheko hicho hakina msingi. Kikamba kina neno lake la samaki, ĩkũyũ, wingi wake makũyũ, nalo halikukopwa kutoka Kiswahili. Mto Athi unapita baina ya Makueni na Kitui kabla ya kubadili jina ukaitwa Galana, kisha Sabaki, na kumwaga maji yake baharini karibu na Malindi. Kaskazini kuna Tana, na katika Tana kuna bwawa la Kiambere lililokamilika mwaka wa 1988. Tatizo letu, basi, si ukosefu wa samaki. Tatizo letu ni kwamba msamiati wa Kiswahili wa uvuvi ulizaliwa pwani, na ulipopanda bara kupitia vitabu vya shule, ulifika bila maji yake.

Chukua neno kamba. Kuna Mkamba, kuna kamba ya kufungia ng'ombe, na kuna kamba wa baharini anayeliwa kwa wali. Mwenzangu mmoja, mwalimu wa Kiswahili mzaliwa wa Lamu, alizoea kunitania kuwa siku atakapomwona Mkamba akivua kamba kwa kamba, siku hiyo hiyo ataandika barua ya kustaafu. Ili kumnyamazisha nilimwalika, likizo moja ya Agosti, twende tukavue Athi, upande wa Makueni, karibu na kwa wakwe zangu. Tulifuatana na shemeji yangu pamoja na mjomba, mzee aliyepita miaka sitini, ambaye kazi yake ilikuwa kushika rungu na kuangalia mamba.

Adabu ilitulazimu kupita nyumbani kwanza. Mwenzangu, kwa ule upole wa watu wa Lamu, akamwamkia mama mkwe wangu, akamwuliza hali, kisha akasema: "Mama, hatukai sana. Tumekuja tuvue kidogo hapo mtoni, halafu turudi tuzungumze."

Mama mkwe wangu hakusomea Kiswahili darasani. Alichokijua alikipata sokoni na katika zahanati. Na katika zahanati, msomaji mpenzi, "vua" ina maana moja tu. Ongeza hapo nthoni, ile heshima ya Kikamba inayomtaka mkwe na mama mkwe wasikaribiane hovyo, nawe utaielewa hali yake. Alivuta leso akajifunika uso, akaingia jikoni, na kupitia ukutani tukamsikia akimwuliza bintiye kwa Kikamba kama wanaume wa chuo kikuu hawana mahali pa kuogea huko kwao.

Wanafunzi wa sarufi wataniwia radhi nikisimama hapa kidogo. Vua ya nguo ni kinyume cha vaa, kama vile zibua ilivyo kinyume cha ziba na fungua kinyume cha funga. Vua ya samaki ni shina lingine kabisa. Maneno haya mawili yamekutana kwa sauti tu, kama abiria wawili wa matatu moja, na mpwani huyatenganisha bila kufikiri kwa sababu kila siku huona nyavu zikianikwa. Asiyeziona nyavu huitenganisha kwa nini?

Mtoni mambo hayakuwa nafuu. Kabla ya ndoana kulowa, mbuzi wa jirani walikuwa wamekwisha kulila donge la ugali tulilolikusudia kuwa chambo, ikabidi vijana watuchimbulie nyungunyungu. Baada ya saa nzima mshipi wa shemeji ukakaza. Akavuta, na kilichotoka majini kilikuwa kirefu kupita mkono wa mtu, cheusi, chenye utelezi, na kilikuwa kikijikunja. Shemeji alitupa ufito na kuukwea ukingo kwa kasi. Mjomba akainua rungu.

"Mkunga huyo!" akapiga kelele mwenzangu. "Mkunga! Usimpige!"

Mjomba ni mtu msikivu. Akalishusha rungu, akageuka kuutazama ukingo wa juu, akauliza kwa wasiwasi wa kweli: "Mkunga? Nani anajifungua?"

Katika mashauriano hayo samaki alijiondokea taratibu na kurudi majini na ndoana yetu. Kwa mvuvi wa Lamu, mkunga ni samaki mwenye umbo la nyoka; kwa mjomba, ni mama anayezalisha. Wingi wa mmoja ni mikunga, wa mwingine ni wakunga, lakini mtu aliyeinua rungu hawezi kungojea wingi. Aliyesikitika zaidi ni mwenzangu. Mikunga wa mito yetu huzaliwa katika Bahari ya Hindi, na wachanga wao huupanda mto mamia ya kilomita hadi bara. Yule tuliyetaka kumuua alikuwa mtu wa kwao.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote, hata hivyo, kilitukia Tiva, Kitui, nilipokuwa darasa la tano. Tiva ni mto wa mchanga kwa sehemu kubwa ya mwaka. Mvua zikipita hubaki vidimbwi, na ndani yake, katika tope, hujificha kambare, samaki aliyejaliwa uwezo wa kupumua hewa tunayoipumua sisi, kwa hiyo huishi mahali ambapo wengine wamekwisha kufa. Tulikwenda na nyanya, binamu zangu, na mjomba huyu huyu, wakati huo kijana mtanashati. Ndoana hatukuwa nayo. Tulikuwa na vikapu na mikono.

Mjomba alikuwa amevaa suruali mpya ya Krismasi. Alivua ili avue. Akaikunja vizuri, akaiweka mchangani na viatu juu yake, akaingia topeni hadi magotini. Mbingu zilikuwa nyeupe, jua linachoma. Nyanya, aliyekuwa ameketi ukingoni, akasimama ghafla, akatuamuru sote tutoke. Hakueleza. Mjomba, aliyekuwa ameshamgusa kambare wa tatu, akaomba dakika moja. Nyanya akaokota jiwe akamtupia, nalo lilimpata.

Tulikuwa tumekwisha kupanda ukingo tuliposikia mngurumo, kisha maji ya rangi ya udongo, yamebeba matawi na magogo, yakageuka kona na kuujaza mto upande hadi upande. Suruali, viatu, vikapu na kambare wawili vyote vilielekea Tsavo. Mjomba alirudi nyumbani akipitia sokoni, amejifunga leso ya nyanya, akimwamkia kila mtu kwa heshima zote. Kila Krismasi husimuliwa kisa hiki, na kila mwaka bei ya suruali ile hupanda.

Nyanya alitueleza baadaye. Jioni iliyotangulia aliona mawingu juu ya vilima. Asubuhi ndege walikuwa wameuacha mchanga. Halafu alisikia sauti kama ya kinu cha kusagia kilicho mbali. Mvua hunyesha vilimani, na maji huwafikia watu wa chini saa nyingi baadaye, jua likiwaka.

Tarehe 4 Desemba 2021, mto wa aina hiyo hiyo, Enziu, karibu na Mwingi, ulilisomba basi lililowabeba waimbaji wa kwaya na jamaa zao wakielekea arusini. Zaidi ya watu 30 walikufa. Tangu siku hiyo bado tunacheka katika kisa cha suruali, lakini msimuliaji akifika kwenye lile jiwe la nyanya, wote hunyamaza kidogo.

Ndiyo maana nilikasirika, tena sana, nilipoalikwa kusaidia kusahihisha insha za mashindano ya shule za upili huku kwetu. Mada ilikuwa safari ya uvuvi. Insha baada ya insha nilikutana na ngalawa, matanga, pepo za kusi, chubwi, jarife na papa mwenye meno kama misumeno, zote za watoto ambao hawajapata kuiona bahari. Lugha ilikuwa fasaha. Ilikuwa pia imekaririwa. Siwalaumu watoto, wala sitaki maneno hayo yaondolewe katika vitabu. Jarife ni mali ya msichana wa Mutomo sawasawa na mvulana wa Pate. Lakini mwalimu anayempa mtoto maneno ya bahari na kumnyang'anya mto wake amemtia umaskini, hata kama alama ni nzuri.

Msichana mmoja aliandika juu ya kumtafuta kambare katika tope la mto wa mchanga, pamoja na bibi yake. Kiswahili chake kilichechemea. Aliandika "tulivua kwa mikono", akaeleza jinsi kambare anavyoshikwa nyuma ya kichwa ili miiba ya mapezi isimchome mtu, na jinsi bibi alivyowaondoa ndege walipoondoka. Msahihishaji wa kwanza alikuwa amempa alama 8 kwa 20 na kuandika pembeni: "Samaki hawaishi mchangani." Tulibishana nusu saa. Zikafika 14. Zawadi ilichukuliwa na insha ya papa.

Tulipokuwa tukifunga makaratasi, msahihishaji yule aliniuliza, kwa unyoofu, kama ni kweli kambare hupumua hewa. Nikamwambia ni kweli, na kwamba msichana amelieleza jambo hilo katika aya ya tatu, chini ya wino mwekundu.