Mlo kamili bila nyama katika jiko la Handeni na Korogwe

Katika wilaya za Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, mlo usio na nyama ni jambo la kila siku katika nyumba nyingi. Ugali wa mahindi au bada ya muhogo huliwa kwa mboga za majani, maharage, kunde au mbaazi, na nyama hupikwa inapopatikana. Viungo vya mlo bora tayari vipo shambani na sokoni. Kinachoamua ubora wake ni namna vinavyochanganywa na kupikwa.

Handeni ni kavu zaidi, na wakulima wake hutegemea mahindi, muhogo, kunde na mbaazi. Machungwa hulimwa kwa wingi, na msimu wake unapofika hupangwa kando ya barabara kuu huko Kabuku na Segera. Korogwe ina maji ya Mto Pangani na mpunga wa umwagiliaji wa Mombo, mahali ambapo barabara ya Lushoto huteremsha kabichi, karoti na mboga nyingine za milima ya Usambara. Mvua za masika na vuli zikinyesha, mchunga, mnavu na mlenda huota zenyewe mashambani.

Msingi wa mlo huu ni nafaka kuliwa pamoja na jamii ya kunde. Gramu 100 za maharage makavu zina takriban gramu 21 za protini, na za mahindi takriban gramu 9. Protini ya mahindi ina upungufu wa laisini, ambayo imejaa kwenye maharage. Maharage nayo yana methionini kidogo, na mahindi huziba pengo hilo. Si lazima viive katika sufuria moja; vikiliwa siku moja vinatosha. Muhogo una protini kidogo mno, kwa hiyo anayekula bada anahitaji maharage au kunde zaidi kuliko anayekula ugali wa mahindi.

Makande hukusanya yote hayo katika sufuria moja. Kwa watu watano au sita, vikombe 2 vya mahindi na kikombe 1 cha maharage huchambuliwa, huoshwa na kulowekwa usiku kucha. Asubuhi maji ya kulowekea humwagwa, na pamoja nayo hupungua sukari zinazojaza tumbo gesi na faiteti zinazozuia mwili kufyonza madini. Kuloweka huokoa pia kuni na mkaa, kwa kuwa punje huiva mapema. Maharage lazima yachemke kwa nguvu kwa dakika 10 au zaidi, hasa yale mekundu, ambayo yasipoiva vizuri husababisha kutapika na kuharisha. Baada ya hapo moto hupunguzwa hadi punje zilainike, kisha makande huungwa kwa kitunguu, nyanya, karoti na chumvi kidogo. Magadi hulainisha haraka, lakini huharibu vitamini B1.

Mbaazi za nazi hufaa kwa ugali, wali au muhogo wa kuchemsha. Vikombe 2 vya mbaazi kavu zilizolowekwa huchemshwa hadi zilainike, na sehemu yake hupondwa ili mchuzi uwe mzito. Humiminwa tui jepesi, kitunguu, bizari na pilipili, zikatokota kwa dakika 15 hivi. Tui zito huingia mwisho, moto ukiwa mdogo na mwiko ukizunguka, ili tui lisikatike. Nazi ina mafuta mengi yanayoganda, kwa hiyo nusu nazi inatosha sufuria ya familia.

Katika mboga za majani, mchunga una wapenzi wake na wanaoukimbia kwa uchungu wake. Huchumwa majani machanga, yakachemshwa kwa dakika 5 na maji kumwagwa. Uchungu hupungua, ingawa vitamini C na foleti nazo huondoka na maji hayo. Mchicha, usio na uchungu, hauna haja ya kuchemshwa na kumwagwa maji. Pembeni, kitunguu na nyanya hukaangwa kwa kijiko kimoja cha mafuta. Nusu kikombe cha karanga zilizokaangwa na kusagwa hukorogwa kwa kikombe 1 cha maji ya vuguvugu, hutiwa humo na kukorogwa bila kuacha kwa sababu karanga hushika chini. Rojo likianza kutoa mafuta juu, mchunga huingizwa kwa dakika 2 au 3, kisha sufuria huepuliwa. Mafuta ya karanga husaidia mwili kufyonza karotini iliyomo kwenye majani, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A.

Kisamvu kina taratibu zake. Majani ya muhogo yana kemikali inayozalisha sumu ya sayanidi. Kuyatwanga kwenye kinu hupasua jani na kuifungua sumu hiyo, na kuyachemsha muda mrefu bila kifuniko huiacha itoke na mvuke. Karanga au tui huongezwa baada ya hapo. Kwa muhogo mchungu wa kutengenezea unga wa bada, kuumenya na kuuanika tu hakutoshi. Hulowekwa siku tatu au zaidi hadi ulainike, ndipo uanikwe.

Karanga na mahindi vinahitaji uangalizi mwingine. Vikihifadhiwa na unyevu huota ukungu unaotoa sumukuvu, ambayo mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Moto wa jikoni hauimalizi sumu hiyo. Kinga ni kukausha vizuri, kuhifadhi pakavu, na kutupa kila punje iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye ukungu.

Unga wa dona hubaki na ganda na kiini cha mahindi, kwa hiyo una nyuzinyuzi, madini na vitamini B nyingi kuliko sembe. Kwa kuwa kiini kina mafuta, dona huchacha mapema, na ni vizuri kusaga ya wiki mbili au tatu tu.

Madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na majani hufyonzwa kwa shida kuliko ya nyama. Vitamini C hurahisisha kazi hiyo: ndimu iliyokamuliwa kwenye mboga iliyokwisha kuepuliwa, au chungwa linaloliwa pamoja na chakula. Chai hufanya kinyume, hivyo inywewe saa moja au zaidi baada ya mlo. Tahadhari hii ni muhimu zaidi kwa wajawazito na watoto.

Vitamini B12 haipatikani kwenye mimea. Kikombe cha maziwa yaliyochemshwa au ya mgando, au yai, vikiwamo mara kwa mara katika mlo, huleta vitamini hiyo. Asiyetumia kabisa vyakula vya asili ya wanyama anahitaji kidonge cha B12 au chakula kilichoongezewa vitamini hiyo, baada ya ushauri wa mhudumu wa afya. Mtoto mdogo, ambaye tumbo lake halibebi chakula kingi, apewe makande yaliyopondwa na kuongezwa karanga zilizosagwa laini, kidogo kidogo, mara kadhaa kwa siku.