Je, Wajua? Si kila tumbo linapatana na chapati

Ugali wa mahindi, muhogo, wali, maharage: mlo uliozoeleka Mwese, mkoani Katavi, hauna gluteni. Protini hiyo imo kwenye ngano, shayiri na rai, nayo ndiyo hufanya donge la chapati livutike bila kukatika. Kwa mlo huo, anayesumbuliwa na gluteni huenda asijue, mpaka maandazi na mkate viwe chai yake ya kila asubuhi.

Tumbo kujaa gesi, kuharisha au kukosa choo, uchovu, kichwa kuuma: ukiona yanajirudia kila ukila ngano, shuku. Upungufu wa damu usiosikia vidonge, kukonda, au mtoto kudumaa huweza kuwa ugonjwa wa siliaki, ambapo kinga ya mwili hushambulia utumbo mdogo mtu anapokula gluteni. Lakini minyoo na amiba nao huleta mengi ya hayo, na huku kwetu hao ndio wa kupimwa kwanza.

Daktari Mholanzi Willem Dicke aliona, katika njaa iliyoikumba nchi yake 1944–45, watoto wenye siliaki wakipata nafuu mkate ulipoadimika.

Usiache ngano kabla ya kipimo cha damu cha siliaki. Ukiacha mapema, majibu yanaweza kutoka safi ilhali ugonjwa upo.